Ua Juu ya Ua: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mimea Itambaayo Inayobaki Kijani Mwaka Mzima

Kwenye fensi ya nyumba yangu Kigamboni kuna sehemu ya upana wa mita mbili ambayo hadi leo haikai rangi vizuri. Nilipomaliza kujenga nilinunua miche sita ya mmea wenye majani madogo yanayoganda ukutani, kwa sababu nilikuwa nimeuona kwenye nyumba ya mtu ukanivutia. Mwaka wa kwanza haukwenda popote. Mwaka wa nne ulikuwa umefunika ukuta mzima, na mimi nikataka kupaka rangi upya. Nikashika mtambaa mmoja, nikauvuta taratibu. Ulikuja na ganda la rangi, na nyuma ya ganda ukaja unga wa lipu. Zilizobaki ukutani ni safu za vijimizizi vya kahawia vilivyopangana kama miguu ya jongoo, na brashi ya chuma haikuvimaliza.

Mmea ule haukuwa na kosa. Ulifanya kile ulichoumbwa kufanya, ila niliuweka kwenye ukuta usio wake. Ukienda kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, utaonyeshwa rangi na utanusishwa harufu. Swali ambalo ni lazima ulibebe mwenyewe kutoka nyumbani ni hili: mmea huu unapandaje, na ukuta wangu unaweza kuubeba?

Hatua ya 1: Usome ukuta kabla ya kuangalia maua

Anza na kile ukuta ulichojengewa. Ukuta wa tofali za saruji ulioachwa bila lipu wala rangi unabeba karibu kila mmea. Ukishapigwa lipu na kupakwa rangi, usiupe mmea wa kujigandisha. Upe unaopanda kwenye waya, ili siku ya kupaka rangi uweze kuushusha na kuurudisha. Fensi ya senyenge ni rafiki wa mimea inayojisokota na yenye vikono, maana matundu yake ni ngazi tayari. Uzio wa mianzi au mbao unataka mmea mwepesi. Mchwa wakishaula chini, mmea mzito utaulaza wote kwa mvua moja.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zina sheria yake. Chokaa ni laini kuliko saruji, inavuta maji na kuyaachia. Mzizi unaotafuta ufa utaupata, na ukinenepa humo ndani unasukuma mawe. Aliyeona mkuyu ulivyojiotea kwenye ukuta wa nyumba ya zamani anajua nasema nini. Kwa ukuta wa namna hiyo, simamisha fremu yake peke yake, umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, na mmea upande kwenye fremu.

Halafu angalia jua. Vitabu vya bustani vya Ulaya husifu ukuta unaotazama kusini kwamba ndio wenye jua. Huku kwetu hesabu hiyo inapotosha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini. Baada ya hapo mambo hugeuka hadi Machi nyingine. Ukuta mgumu kuliko zote ni unaotazama magharibi: saa tisa alasiri wakati wa kaskazi, weka kiganja kwenye tofali uone kama utaweza kukiacha hapo. Chipukizi changa zinazogusa tofali hizo hubabuka.

Mwisho, upepo. Nyumba iliyo karibu na bahari hupigwa na kusi lenye chumvi miezi mingi ya mwaka. Majani laini huungua kingo, yakawa ya kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto.

Hatua ya 2: Jua mmea unapanda kwa njia gani

Njia ni nne. Kuna inayojigandisha kwa vijimizizi, kama Ficus pumila ulioniumbua na ile ivi ya nyanda za baridi. Hiyo haihitaji waya, ila haiondoki bila kuacha alama. Kuna inayojisokota: shina lenyewe huzunguka chochote chembamba linachokigusa. Kuna yenye vikono, vile vijiuzi vinavyojikunja kama springi, mfano pesheni. Hivi hushika waya au tawi, havishiki ukuta mtupu. Na kuna inayoegemea tu. Bogenvilia, alamanda na asumini ziko kundi hili. Hurusha matawi marefu na kuyatupa juu ya jirani, zikitegemea miba au uzito wao. Zisipofungwa hazipandi ukuta. Huwa kichaka mbele ya ukuta.

Ukiwa kitaluni na muuzaji hajui jibu, angalia mwenyewe. Geuza tawi utazame upande wa chini: ukiona vijimizizi vifupi, ni wa kujigandisha. Ukiona tawi limejizungusha kwenye kijiti chake, linajisokota.

Hatua ya 3: Chagua

Neno "kijani mwaka mzima" lina maana yake huku. Wenzetu wa nchi za baridi huogopa majani kupukutika kwa sababu ya theluji. Kwetu kinachopukutisha majani ni kiangazi. Mmea unaobaki na majani Kampala unaweza kubaki vijiti Dodoma mwezi wa tisa. Kwa hiyo uliza unavyovumilia ukame, au jiandae kumwagilia.

*Bogenvilia* ndiyo naipenda kuliko zote kwa ukuta wa jua. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wazungu waliikusanya Rio de Janeiro mwaka 1767 katika safari ya baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, na jina likatoka hapo. Kile tunachokiita ua si ua. Ni majani matatu yaliyogeuka rangi, na maua yenyewe ni vibomba vidogo vyeupe vilivyosimama katikati. Chukua moja ulitazame kwa karibu. Inavumilia chumvi, inavumilia ukuta wa magharibi, na miba yake humfanya mwizi afikirie mara mbili. Inachokataa ni kubembelezwa. Ukiimwagilia kila siku na kuimiminia samadi itakupa majani tele bila rangi hata moja. Ikishakomaa, acha udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea kidogo, kisha mwagilia vya kutosha. Mara nyingi rangi hufuata baada ya majuma machache. Panda mche mmoja kila mita 2 hadi 3.

*Asumini* ni ya wale wanaotaka harufu. Mpwani hahitaji kuelezwa: ndiyo inayotungwa vishada, ndiyo inayoingia kwenye kikuba, kile kifurushi cha maua na majani ya kunukia, pamoja na mkadi na mrehani. Majani yake ni mazito, ya kijani kinachong'aa, na hayapukutiki ukiipa maji. Haifiki mbali, mita 2 au 3 ukiifunga vizuri, hivyo inafaa ukuta mfupi, pembeni mwa baraza au chini ya dirisha la chumba cha kulala. Vitumba huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, vyeupe kama punje za mchele mkubwa, na hufunguka usiku. Hutoka kwenye matawi mapya, kwa hiyo usione huruma kuipogoa. Asiyeipogoa atakuja kulalamika kwamba asumini yake imezeeka haitoi.

*Ficus pumila* ni wa ukoo mmoja na mkuyu na mtini, na umetoka Asia ya Mashariki. Pamoja na yaliyonipata bado naupendekeza, kwa ukuta wa tofali tupu ambao hutaupaka rangi kamwe. Hakuna mmea mwingine unaolala ukutani ukiwa mwembamba vile, kama zulia. Unastahimili kivuli. Lakini uwe na mkasi: ukifika juu ya ukuta unabadilika tabia, unatoa matawi manene yanayojitokeza nje, majani yanakuwa makubwa na magumu, na unaanza kuzaa vitini visivyo na ladha. Yakate hayo matawi yanapoanza tu. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi, basi vaa glavu na mikono mirefu.

Kwa senyenge, hasa kwa mwenye watoto, napanda *pesheni*, au karakara kama wanavyoiita wengine. Ile ya zambarau inataka baridi ya nyanda za juu. Ya manjano ndiyo ya pwani na joto. Ya manjano mche mmoja haujitoshelezi, unahitaji chavua ya mche mwingine usio ndugu yake wa kipandikizi, kwa hiyo panda miwili au mitatu iliyotokana na mbegu. Ujue pia kwamba haiishi sana. Baada ya miaka mitatu hadi mitano huchoka au hushambuliwa na mnyauko, na usirudishie pesheni nyingine kwenye shimo lile lile.

Iliyobaki naipitia haraka. *Alamanda*, yenye maua ya manjano ya umbo la tarumbeta, inapendeza sana pwani, ila utomvu na sehemu zake zote ni sumu. Isiwekwe palipo na mbuzi au mtoto anayeanza kutia vitu mdomoni. *Combretum indicum* huchanua maua meupe jioni, yakawa ya waridi kesho yake, kisha mekundu, yote matatu kwenye kishada kimoja. Hujaza senyenge upesi, lakini kiangazi kikali huipunguzia majani. *Petrea volubilis*, ya zambarau, ina jani linalokwaruza kama msasa na hujisokota kwenye waya bila kusumbua. Kwa wa Nairobi, Limuru, Arusha au Lushoto kuna *Pyrostegia venusta*, inayowaka rangi ya chungwa wakati wa baridi, Juni hadi Septemba, na *Trachelospermum jasminoides*, yenye maua meupe ya harufu na majani ya kung'aa, inayovumilia baridi kuliko asumini. Na kama unataka kitu cha kwetu hasa, *Thunbergia alata*, ua la chungwa lenye jicho jeusi, asili yake ni Afrika ya Mashariki. Huota kwa mbegu na kukua haraka. Mimi huitumia kufunika senyenge mwaka wa kwanza wakati mingine inajikusanya.

Hatua ya 4: Ikatae hii miwili hata ukipewa bure

*Antigonon leptopus*, yenye mikufu ya maua ya waridi, na *Dolichandra unguis-cati*, yenye maua ya manjano na vikono vyenye kucha tatu kama za paka. Zote mbili zina viazi ardhini. Ukizikata zinarudi, ukizing'oa zinarudi kutoka kwenye kiazi kilichobaki. Ya pili hupanda miti mikubwa na kuifunika. Ukiiruhusu leo, miaka kumi ijayo itakuwa kwa jirani wa tatu.

Hatua ya 5: Funga waya kabla ya kupanda

Watu wengi hupanda kwanza, halafu hutafuta waya mmea ukishaanguka. Kutoboa ukuta ulio nyuma ya bogenvilia yenye miba ni adhabu. Tanguliza waya.

Tumia waya wa mabati wa milimita 2.5 hadi 3. Karibu na bahari usithubutu kutumia misumari ya kawaida. Kutu huila na kuchora ukuta mistari ya kahawia. Tafuta bolti za pete zisizoshika kutu. Toboa kwa dreli, tia fisha (kile kiplastiki kinachoishika bolti tunduni), kaza bolti ili pete isimame sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani. Nafasi hiyo si urembo: hewa inapita, majani hayaungui kwa joto la tofali, na shina linapata pa kuzunguka. Waya wa kwanza uwe sentimita 40 kutoka chini, unaofuata juu yake kila baada ya sentimita 40 au 45. Bolti zipishane mita 1.5 hadi 2, la sivyo waya utalegea mara mmea ukilowa.

Kwa mmea mzito, au fundi asiyetaka kuhangaika na waya, wavu wa BRC, ule wa nondo nyembamba zilizochomelewa, uliotundikwa kwenye vibanio ni bora zaidi.

Kama una waya wa umeme juu ya fensi, chora mstari kichwani sentimita 50 chini yake, na mmea usiuvuke. Tawi bichi likigusa waya ule, hasa siku ya mvua, umeme huvuja na king'ora hulia usiku wa manane hadi mtaa mzima uamke.

Hatua ya 6: Kununua na kupanda

Kitaluni, usichague mche wenye ua kubwa. Chagua wenye mashina matatu au manne yanayotoka chini, majani safi, na mizizi ambayo haijatoboa kiriba na kuingia ardhini. Ikiwa imetoboa, itakatika ukiunyanyua. Inua jani utazame chini yake. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, hivyo ni vidung'ata, uache hapo hapo.

Panda masika yanapoanza, Machi au Aprili. Vuli pia inafaa kwa mwenye maji ya kumwagilia kaskazi litakapoingia.

Shimo lisiwe mguuni pa ukuta. Pale chini kuna msingi, kuna mabaki ya saruji na kokoto alizofukia fundi, na mvua haipafikii vizuri kwa sababu ukuta wenyewe unaikinga. Enda mbali sentimita 45 hadi 60, uchimbe sentimita 60 kila upande, uondoe kila kipande cha saruji na nailoni utakachokutana nacho. Udongo wa juu utenge. Changanya sehemu mbili za udongo huo na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa. Iliyo na harufu kali bado inaunguza. Kwenye mchanga wa pwani, ongeza majani yaliyooza ili maji yasipite moja kwa moja.

Hapa ndipo bogenvilia nyingi hufa. Mizizi yake ni myepesi kukatika na bonge lake la udongo humeguka ovyo. Usiishike shina na kuvuta. Mwagilia kiriba saa moja kabla, kichane pembeni kwa wembe, teremsha bonge zima shimoni kwa mikono miwili, ndipo uvute nailoni. Laza mche ukiinamia ukuta, uufunge kwenye kijiti kinachouongoza hadi waya wa kwanza. Funga kwa kamba laini au kitambaa, kwa mtindo wa namba nane, ili shina lisisugue waya.

Hatua ya 7: Mwaka wa kwanza na baada yake

Mwagilia kila mche kama lita 10 kila baada ya siku mbili au tatu kwa miezi miwili, kisha mara moja kwa juma. Tandaza majani makavu juu ya udongo, ila yasigusane na shina.

Kisha ufundishe mmea. Kila tawi linataka kwenda juu moja kwa moja, na ukiliachia utapata kilele chenye maua na chini pakavu pa vijiti. Chukua matawi ya kwanza uyalaze kulia na kushoto kwenye waya wa chini, kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa. Tawi lililolala hutoa chipukizi njia nzima. Kazi hii ya dakika kumi kila wiki mbili ndiyo inayotofautisha ukuta uliofunikwa na ukuta wenye kofia.

Bogenvilia ipogolewe kila inapomaliza mkupuo wa maua: matawi ya pembeni yafupishwe hadi yabaki macho (vifundo vya kuchipukia) mawili au matatu. Vaa glavu nene, mwiba wake ukichoma huacha uvimbe wa siku kadhaa. Ficus pumila hutaka mkasi mara tatu hivi kwa mwaka. Pesheni ipunguzwe baada ya mavuno.

Majani yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, jambo la kawaida kwenye ardhi ya matumbawe, mmea unakosa chuma kwa sababu chokaa imekifunga. Weka mboji kwa wingi na usitupe tena majivu hapo. Vidung'ata na vidukari vioshe kwa maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa kila lita, jioni jua likishashuka.

Na sentimita 30 za chini zibaki wazi, bila majani, zifagiwe. Nyoka na panya hupenda sketi ya majani iliyogusa ardhi. Ukiona udongo hadi ukutani, hawana pa kujificha.

Upande wa pili wa ukuta

Mmea haujui mpaka wa kiwanja. Mwaka juzi mama wa nyumba ya pili alipiga hodi asubuhi, kanga yake mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ua lako zuri, silikatai. Ila limekuja hadi kwenye kamba yangu ya nguo."

Akanionyesha kanga. Mwiba ulikuwa umeichana pembeni, mchano wa urefu wa kidole. Niliomba radhi, nikamnunulia doti nyingine, na jioni ile nikazunguka upande wake kutazama. Bogenvilia niliyokuwa naitunza kwa miaka ilikuwa imetupa nusu ya matawi yake kwake, na mimi nilikuwa sijawahi kwenda kuona.

Niliing'oa sehemu ile yote. Badala yake nikafunga senyenge juu ya ukuta mfupi na kupanda asumini mbili, moja upande wangu, moja upande wake kwa ruhusa yake. Sasa zimekutana juu. Alasiri, vitumba vikiwa bado vimefumba, namsikia akiburuta kigoda kuja kuchuma, na wakati mwingine hunipitishia kishada juu ya ukuta kabla sijatoka kwenda kuchuma changu.